Ng'ambo ya Ruvuma, darasa tulilolipa kisogo

Kijana wa Dar es Salaam akisema anakwenda kusoma ng'ambo, majirani humwona tayari amevaa koti zito: Uingereza, Ujerumani, Marekani, na siku hizi China na India. Kilambo, kusini mwa mji wa Mtwara, neno hilohilo halihitaji koti. Ng'ambo ni pale, ukingo wa pili wa Mto Ruvuma, upande wa Msumbiji, panapoonekana kwa macho. Kivuko hungoja maji ya bahari yajae. Yakipwa, mafungu ya mchanga hujitokeza mtoni na mwenye gari hana budi kukaa kitako hadi saa ya maji ifike. Mwenye mtumbwi hana shida hiyo. Anakwenda ng'ambo kuzika, kuoa, kuuza kitoweo, kudai deni, kisha anarudi. Hakuna anayemwita mhamiaji, na ukimwita hivyo atadhani unataka kumchongea kwa maofisa.

Nimeanza na neno kwa sababu ubishi wenyewe umo humo. Vyuo vingi, vya kwetu na vya wageni, huwapeleka wanafunzi nchi nyingine kwa muhula mmoja au mwaka, na katika malengo yanayojazwa kwenye fomu hutajwa mambo mawili: kuelewa uhamiaji na kuyajua maisha ya wenyeji. Malengo ni mazuri. Kasoro ni mahali. Mwanafunzi hupelekwa kwenye jiji ambako mhamiaji ni mada ya semina, mwenye takwimu zake, wakili wake na mpinzani wake wa kisiasa, na maisha ya wenyeji yako mtaa mwingine, yanapangiwa ziara ya Jumamosi. Anayasoma hayo mawili kila moja kivyake, na asipoangalia atayakosa yote. Kwenye maingilio ya Ruvuma hayatenganishiki. Ndiyo maana nasema bila kupepesa macho kwamba anayetaka kujua watu huhama vipi na kwa nini, awe Mtanzania au mgeni, miezi minne kati ya Mikindani, Msimbati na Newala itamfaa kuliko miezi minne ya kumbi za mihadhara za Ulaya.

Tazama mpaka wenyewe. Upande wa kusini wa mlango wa mto kuna eneo la Kionga. Wajerumani walilitwaa mwaka 1894, Wareno wakaliteka mwaka 1916 katikati ya vita, na Mkataba wa Versailles wa 1919 ukalihalalisha kuwa la Mreno. Mtoto wa Kionga aliyehesabiwa chini ya Mjerumani aliamka mtu mzima chini ya bendera ya Mreno, na hakuhamisha hata chungu. Kilichohama ni mpaka. Darasani jambo hili huelezwa kwa sentensi moja na kusahaulika. Hapa lina majina ya koo na mashamba ya minazi. Wamakonde nao wako pande zote mbili, uwanda wa juu wa Newala na Tandahimba kwetu, na ule wa Mueda ng'ambo, mto ukiwa bondeni katikati yao. Wakati wa ukoloni wengi walivuka kutoka Msumbiji kuja kufanya kazi ya mkonge, na wengine wakafika hadi mashamba ya Kwale nchini Kenya. Huko walizaa, wakajukuu, wakachonga vinyago, ila hawakuwa na kitambulisho cha nchi yoyote, hadi Oktoba 2016 walipofunga safari kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kumwona Rais. Serikali ikawatambua kuwa kabila la 43 la Kenya, na mwaka ulipokuwa ukiisha wakaanza kupewa vitambulisho. Jirani aliyezaliwa nyumba ya tatu kutoka kwako anaweza kuwa mgeni kisheria kwa miaka themanini. Hilo halionekani mpaka umjue jirani.

Pwani ina somo lake pia, na neno lake: dago. Ni kambi ya wavuvi waliotoka kwao kufuata samaki kwa msimu, wakajenga vibanda vya makuti ufukweni, wakaanika nyavu na kukausha samaki, kisha upepo ukigeuka wakang'oa. Mvuvi wa dago si mkazi, si mpita njia, si mkimbizi, na kwa hakika si mtalii. Mwaka 2000 eneo hili lilitangazwa kuwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari ya 1994, ambayo inavishirikisha vijiji katika uendeshaji. Vijiji, sawa. Lakini mtu wa dago ni wa kijiji gani? Nani anamsemea mkutano wa kijiji unapokubaliana nyavu zipi zipigwe marufuku? Samaki mwenyewe haulizwi uraia, huzaliana kwenye mikoko ya upande mmoja na kuvuliwa upande wa pili. Mwanafunzi wa sheria, wa jamii au wa sayansi ya bahari akilishika swali hili moja, muhula mzima hautamtosha.

Wapo watakaosema haya ni mawazo mapya ya kuwapendezea watu wa kusini. Si mapya. Elimu ya eneo hili ilianza na watu waliovuka maji. Cecil Majaliwa, Myao aliyetekwa utotoni akapelekwa Zanzibar kama mtumwa, alikombolewa, akasomeshwa shule ya misheni ya Kiungani, na katika miaka ya 1880 akapelekwa Chuo cha Mtakatifu Augustino, Canterbury, Uingereza. Huyu alikuwa mwanafunzi wa ng'ambo kwa maana ya Dar es Salaam kabla Dar es Salaam haijawa na maana hiyo. Mwaka 1890 alipata upadre, Mwafrika wa kwanza katika misheni yake ya Kianglikana. Lakini kazi yake kubwa haikuwa ya Canterbury. Ilikuwa Chitangali, upande wa Newala, miongoni mwa Wayao na majirani zao, ambako Kizungu cha Canterbury hakikumsaidia sana, na kilichomsaidia ni kujua maana ya kung'olewa kwenu na kupandwa kwingine. Masasi yenyewe, mji wa misheni, iliasisiwa mwaka 1876 na watumwa walioachwa huru, wakisafiri pamoja na Askofu Edward Steere kutoka Zanzibar. Kwa lugha ya leo tungewaita kundi la wahamiaji waliopewa makazi. Vizazi vyao leo ni wenyeji wa Masasi kama wengine wote.

Karne iliyofuata mkondo uligeuka. Mauaji ya Mueda ya Juni 1960 na vita vya ukombozi vilivyoanza Septemba 1964 viliwavusha Wamsumbiji maelfu kuja kwetu, na pamoja nao zikaja shule. Chama cha Frelimo, kilichoundwa Dar es Salaam mwaka 1962, kilikuwa na Taasisi ya Msumbiji mjini humo chini ya Janet Mondlane, na shule za watoto wa wakimbizi kusini. Mmoja wa watoto hao, mzaliwa wa Mueda, alisoma shule ya msingi ya Frelimo huko Tunduru. Jina lake Filipe Nyusi, na mwaka 2015 aliapishwa kuwa Rais wa Msumbiji. Nisije nikapaka asali kila kitu: Taasisi ile ya Dar es Salaam ilifungwa mwaka 1968 baada ya wanafunzi kugombana na uongozi juu ya walimu Wazungu na juu ya nani apelekwe vitani. Kusoma ugenini hakumfanyi mtu malaika. Hata hivyo, ugomvi ule ulikuwa wa watu waliokuwa wanafunzi na wakimbizi kwa wakati mmoja, na hakuna mhadhara ambao ungewafundisha uhamiaji kuliko walivyokuwa wanauishi.

Sasa tuje kwa mwanafunzi wa leo, hasa mgeni. Wengi wanaokuja Tanzania kujifunza Kiswahili na jamii huishia Arusha, Zanzibar au Dar es Salaam, na sababu zinaeleweka: kuna taasisi, kuna ndege, kuna wenyeji waliozoea kupokea Wazungu. Mazoea hayo ndiyo tatizo. Pale penye utalii mgeni huhesabiwa kuwa mteja, naye huondoka akidhani uhamiaji ni jambo linalowapata watu wengine. Lakini naye ni mhamiaji. Ana kibali cha ukaazi daraja C, kile cha wanafunzi, watafiti na wanaojitolea, kilichochapwa tarehe ya mwisho. Akifika kijiji chochote cha Mtwara hupelekwa kwanza ofisi ya mtendaji, na hapo hufunguliwa daftari la wageni, lile kubwa lenye jalada gumu na mistari iliyopigwa kwa rula: tarehe, jina, atokako, madhumuni, sahihi. Anajaza. Nje ya dirisha anapita mama mwenye kapu kichwani, aliyevuka mto asubuhi ile, na hajazi chochote, kwa kuwa kila mtu anamjua ni shangazi wa nani. Mwanafunzi akijiuliza kwa nini yeye mwenye kibali ndiye anayeandikishwa na mama asiye na karatasi anapita, somo lake limeanza. Akijiuliza mama huyohuyo atatendewaje siku akipanda basi la Dar es Salaam, amefika katikati ya somo.

Pingamizi zito kuliko yote ni usalama, na sitalipuuza. Tangu Oktoba 2017 Cabo Delgado, jimbo la Msumbiji lililo ng'ambo ya mto, imekuwa na uasi wenye damu nyingi. Oktoba 2020 washambuliaji walivuka mto wakaingia Kitaya, kijiji chetu. Machi 2021 mji wa Palma ulivamiwa na watu wakakimbilia baharini na porini. Mzazi gani atakubali mwanawe apelekwe huko? Hakuna, wala sisemi apelekwe. Ninachosema ni kwamba kingo za mto si eneo zima. Mji wa Mtwara, Mikindani, Newala na Masasi vina shule, hospitali na maisha ya kila siku, na ndiko ndugu wa waliokimbia wanakoishi. Tena, vita hivyo ni sehemu ya somo, si kisingizio cha kulikwepa. Mwaka 2021 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilisema kuwa zaidi ya Wamsumbiji 9,000 waliovuka kuja kwetu walirudishwa kwao kwa nguvu, kupitia Negomano. Ni eneo lilelile la Daraja la Umoja ambalo marais Kikwete na Guebuza walilifungua kwa shangwe Mei 2010. Taifa lililojenga jina lake Afrika kwa kuwapokea waliokimbia Mueda lina haja ya vijana watakaoliuliza, kwa adabu na kwa ushahidi, nini kilibadilika. Vijana hao hawatatoka kwenye semina ya wakimbizi iliyofanyika nchi yenye theluji.

Pingamizi la pili lina haki zaidi ya la kwanza. Wanakijiji wamechoka kuandikwa. Huja mtafiti, huuliza, hupiga picha, huondoka, na kinachobaki ni jina lake kwenye daftari. Mwanafunzi akija kwa mtindo huo, heri abaki kwao. Basi masharti yawekwe: akae na familia na kulipia chakula na malazi yake, ajifunze Kiswahili kabla ya kufungua dodoso, na alichokiandika akisome mbele ya mkutano wa kijiji, kwa Kiswahili, wenyeji wakisahihishe. Hilo la mwisho litawatisha wengi, na ni vizuri liwatishe. Tena safari isiwe ya upande mmoja. Mwanafunzi wa Mtwara naye avuke. Pwani ya Cabo Delgado watu wanazungumza Kimwani, ndugu wa damu wa Kiswahili, na Kiswahili chenyewe ni lugha rasmi ya Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, SADC, tangu Agosti 2019. Kireno kitamsumbua, lakini Kijerumani hakiwazuii wenzake kwenda Ujerumani.

Ama kuhusu hadhi ya cheti, sikatazi mtu kwenda Ulaya. Rais wetu wa zamani Mkapa, mtoto wa Lupaso, Masasi, alipita Columbia, New York, na hakudhurika. Nabishana na mazoea ya kuona kuwa kusoma nje ni lazima kupande ndege. Itifaki ya Elimu na Mafunzo ya SADC, iliyotiwa saini mwaka 1997, inazitaka nchi wanachama zitenge angalau asilimia 5 ya nafasi za vyuo kwa wanafunzi wa nchi nyingine za jumuiya, ziwatoze ada kama wazawa, na zilegeze taratibu za uhamiaji kwa ajili yao. Karatasi ipo, saini zipo. Na tangu 2019 Nampula, Msumbiji, kuna chuo kikuu cha umma kinachoitwa Universidade Rovuma, kwa jina la mto huuhuu tunaouita wetu. Wakuu wa vyuo vya Mtwara, andikeni barua ya kuomba kubadilishana wanafunzi kumi tu kwa kuanzia, watano waje, watano waende.