Hari ya kaskazi, watoto wetu na saa nane ya mchana

Kaskazi ya mwaka huu imewashinda hata wale tuliozaliwa nayo. Panka inazunguka usiku kucha na shuka bado inalowa. Mchuzi wa nazi uliopikwa adhuhuri unachacha kabla ya magharibi. Watoto wamejaa harara shingoni na mgongoni, na kila nyumba yenye mtoto mchanga ina mtu asiyelala.

Barazani kila mtu ana sababu yake. Mzee mmoja anasema ni miti iliyokatwa. Muuza madafu analaumu magorofa yaliyoziba upepo wa bahari. Kijana wa bodaboda anasema dunia imechoka tu. Nimewasikiliza wote, na kusema kweli hakuna aliyekosea sana, lakini sisi wazazi tunahitaji maelezo yaliyo kamili kidogo, kwa sababu sisi ndio tunaoamua mtoto atoke saa ngapi, anywe nini na akimbizwe hospitali lini.

Tuanze na jua lenyewe. Mombasa iko takriban nyuzi 4 kusini ya ikweta. Mwezi wa Machi jua likiwa njiani kwenda kaskazini hupita juu ya utosi wetu hasa, na karibu na tarehe 10 ukisimama nje adhuhuri kivuli chako kinakusanyika miguuni. Wakati huo huo upepo wa kaskazi, ule uliokuwa ukileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi tangu Desemba, unaanza kufa, na kusi bado haijaja. Mabaharia wetu walikuwa na jina la kipindi hicho cha katikati, maleleji. Jua liko utosini, upepo umesimama, bahari imepashwa joto kwa miezi mitatu. Fukuto linatoka hapo.

Hilo ni la miaka yote. Jipya ni kwamba sasa linaanzia juu zaidi. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilithibitisha kwamba 2024 ulikuwa mwaka wa joto kuliko yote tangu vipimo vianze, kiasi cha nyuzi 1.55 juu ya wastani wa miaka ya 1850 hadi 1900. Machi ya mwaka huo Sudan Kusini ilifunga skuli zake zote kwa sababu ya joto. Sisi hatufiki nyuzi 45 kama wao. Lakini tuna kitu ambacho wao hawana, nacho ni unyevu.

Hapa ndipo ndugu zetu wa bara hawatuelewi. Mtu wa Garissa atakuambia kwao ni nyuzi 37 na nyinyi mnalia na 32. Mwili wa binadamu haujipozi kwa kutoa jasho, hujipoza jasho linapokauka. Hewa ikiwa kavu, jasho hukauka na kuondoka na joto. Hewa ya pwani imeshiba maji tayari, kwa hivyo jasho linatiririka tu mpaka kiunoni na joto linabaki ndani. Nyuzi 32 pamoja na unyevu wa asilimia 70 mwili huuhisi kama nyuzi 40 na zaidi. Ndiyo maana namba ya kwenye simu inatudanganya.

Na usiku hatupati nafuu. Nyumba za Mji wa Kale zilijengwa na watu walioijua hari hii: kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, dari za juu, kiwanda cha ndani, vichochoro vinavyotiana kivuli. Nyumba ya makuti nayo inapumua. Leo wengi wetu tunaishi chini ya mabati au chini ya zege. Bati linawaka mchana lakini hupoa upesi jua likizama. Zege linakunywa jua kutwa nzima, kisha linaanza kulitema saa tatu usiku, wakati ule ule unapowalaza watoto. Mwenye nyumba akipaka paa rangi nyeupe au chokaa joto hupungua ndani, na gharama yake si ya kutisha. Mwambieni.

Sasa mtoto. Watu hudhani mtoto anastahimili kwa sababu anacheza juani bila kulalamika. Kinyume chake. Mwili wake ni mdogo na unapata joto haraka, hatoi jasho jingi kama mtu mzima, na akinogewa na mpira hakumbuki kiu. Anakutegemea wewe umkumbushe.

Kwa aliye chini ya miezi sita jibu ni fupi, na najua mabibi wengine hawatalipenda: haongezwi maji, hata hari iwe kali vipi. Maziwa ya mama zaidi ya asilimia 80 ni maji. Anyonyeshwe mara nyingi zaidi, na anayetakiwa kunywa maji ni mama. Maji ya kikombe kwa mtoto huyo yanajaza tumbo bila chakula na mara nyingi yanamletea kuhara, na kuhara katika joto hili ndiko kunakoua. Dalili za kuangalia ni nepi kukaa kavu kwa saa sita hivi, kulia bila machozi, utosi kubonyea, na mtoto kulegea asitake kunyonya. Ukiona hayo usingoje asubuhi.

Kwa wakubwa, maji kidogo kidogo kutwa nzima. Rangi ya mkojo inasema ukweli kuliko mtoto mwenyewe. Ukiwa wa manjano iliyokolea, hajanywa vya kutosha. Madafu, maji ya ndimu, ukwaju, tikiti, matango, vyote vinafaa. Soda haikati kiu kwa sababu ya sukari yake nyingi. Harara inataka maji ya baridi na nguo nyepesi ya pamba. Poda ikipakwa nyingi juu ya jasho hugandamana na kuziba ngozi.

Ninalotaka lishikwe zaidi ni tofauti baina ya kuchoka na joto na kupigwa na joto. Mtoto aliyechoka na joto anatoka jasho jingi, kichwa kinamuuma, anaona kizunguzungu, anahisi kutapika, misuli inambana. Mlaze kivulini, mvue nguo nzito, muinue miguu, mpe maji au maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vya usawa na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Kwa kawaida baada ya muda anaanza kuchangamka.

Aliyepigwa na joto ni jambo jingine kabisa. Mwili umefika nyuzi 40 au zaidi, anaongea ovyo, hajui alipo, anaanguka au anashikwa na degedege. Ngozi inaweza kuwa kavu, inaweza pia kuwa na jasho, kwa hivyo jasho lisikudanganye. Huyo ni wa hospitali sasa hivi, na njiani apozwe: mmwagie maji, mpepee, muwekee vitambaa vya maji baridi shingoni, kwapani na kwenye mapaja kwa juu. Akiwa hana fahamu asitiwe chochote mdomoni. Panadol haisaidii hapa, kwa sababu joto hili si homa, dawa haina pa kulishika. Na degedege la namna hii si la kusomewa kwanza na kupelekwa hospitali baadaye. Dua inasomeka vizuri sana ndani ya tuktuk.

Kuna mtego mmoja wa kwetu pwani. Mtoto akiwa moto tunasema ni hari, kumbe ni malaria. Mkimpoza kivulini na kumnywesha na baada ya saa moja bado anawaka, apelekwe kupimwa.

Haya yote ni mepesi kuandika. Kuyafanya ni kazi nyingine, na mzazi wa pwani anaijua. Hari inageuza ratiba ya nyumba. Mimi siku hizi naamka saa kumi alfajiri kukinga maji, kwa sababu mfereji ukija huja saa hizo na usipokinga unanunua mitungi kwa mkokoteni, na bei ya mkokoteni nayo hupanda na joto. Maji yetu yanatoka mbali, chemchemi za Mzima kule Tsavo na visima vya Baricho kando ya Mto Sabaki, na hayajawahi kututosha. Kwa hivyo unapoambiwa uwaogeshe watoto mara tatu kwa siku, unapiga hesabu kwanza. Kitambaa kilicholoweshwa na kupitishwa mwilini, kisha mtoto akae mbele ya panka, kinafanya karibu kazi ile ile kwa kikombe kimoja cha maji. Kupika namaliza kabla ya saa nne, maana jiko la makaa adhuhuri ndani ya jiko la mabati ni adhabu. Nguo zinafuliwa kabla ya jua.

Saa ambazo siwezi kuzipanga mimi ni zile za skuli na madrasa. Mtoto anatoka nyumbani na sweta kwa sababu ni sare. Darasa lina bati bila dari na wanafunzi wamebanana. Muhula wa kwanza ndio wa riadha, basi wanakimbizwa uwanjani jua likiwa kali. Wanaokwenda madrasa baada ya hapo wanatembea saa nane mchana, saa ambayo hata paka wa Kibokoni wamelala chini ya magari.

Nalisema hili nikiwa mtu aliyesoma chuoni tangu utotoni na ninayewapenda walimu wetu. Dini yetu imelifikiria joto kabla yetu. Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba hari ikizidi, sala ya adhuhuri icheleweshwe kidogo mpaka kupoe. Iwapo nguzo ya dini imewekewa nafasi hiyo, somo la saa nane linashindwaje kusogea mpaka saa kumi na nusu? Na sare ya skuli ina uzito gani hata isivuliwe sweta mwezi wa Machi?

Swali hili halitaisha mwaka huu. Ramadhani inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka. Mwaka 2025 iliangukia Machi, na hadi 2030, mwaka utakaokuwa na Ramadhani mbili, Januari na Desemba, tutakuwa tunafunga humu humu ndani ya kaskazi. Watoto wadogo wanaopenda kujaribu kufunga wahimizwe, lakini hawajabaleghe, hawalazimishwi, na mzazi akiona mtoto analegea amfuturishe bila kumuaibisha mbele ya wenzake. Mama mjamzito au anayenyonyesha akiihofia afya yake au ya mtoto ana ruhusa yake, amuulize sheikh na amuulize daktari. Daku lisogezwe karibu na alfajiri, liwe na uji, matunda na maji, na chai ipunguzwe.

Mapema mwezi huu wazazi wa mtaa wetu tuliandika barua mbili. Tuliomba mambo matatu: sweta zivuliwe mpaka mvua za masika zinyeshe, mazoezi ya uwanjani yafanywe kabla ya saa nne asubuhi, na mtungi wa maji ya kunywa uwekwe ndani ya darasa badala ya ofisini. Kwa madrasa tuliongeza la saa. Mwalimu wa madrasa alitujibu siku ya pili, masomo sasa yanaanza saa kumi na nusu, na amewaambia watoto waje na chupa zao. Skuli haijajibu. Mkutano wa wazazi ni Jumamosi hii saa tatu asubuhi, na barua nimeipiga kopi za kutosha.