Vioo vya mapambo: kilo zihesabiwe kabla ya kuagiza

Wafanyabiashara wanaopeleka vioo vya mapambo katika nchi jirani wamezoea kununua na kuuza kwa mita ya mraba. Mteja mwenye hoteli Kigali au Lubumbashi hutaja rangi, nakshi na ukubwa wa ukuta, bei ikakubaliwa, mzigo ukaagizwa. Uzito huja kuulizwa mwishoni, lori likiwa limeshapanda mizani, au fundi akiwa amegundua kwamba ukuta wa jipsamu hauwezi kubeba kile alichouziwa tajiri wake.

Mzigo huu unazidi kuonekana barabarani. Kiwanda cha vioo bapa cha Mkuranga, mkoani Pwani, kilichozinduliwa mwaka 2023 kikiwa na uwezo wa kuzalisha tani 700 kwa siku, kimesogeza bidhaa karibu na wanunuzi wa nchi jirani, huku vioo kutoka China na kwingineko vikiendelea kushushwa katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa. Popote kilikotoka, kioo cha kawaida cha ujenzi kina uzito uleule, na hesabu yake ni nyepesi kiasi kwamba hakuna sababu ya kukisia.

Kioo chenye eneo la mita ya mraba 1 na unene wa milimita 1 kina kilo 2.5. Basi kioo cha milimita 4, ambacho ndicho unene wa vioo vingi vya kujitazamia, kina kilo 10 kwa kila mita ya mraba. Cha milimita 6 kina kilo 15, cha milimita 10 kilo 25, na cha milimita 12 kilo 30. Zidisha urefu kwa upana kwa unene, kisha kwa 2.5, na jibu umelipata.

Mapambo yenyewe hayabadilishi hesabu hiyo sana. Kioo kilichopigwa mchanga ili kiwe cha ukungu, kilichopakwa rangi mgongoni au kilichochapwa picha kina uzito karibu sawa na kioo kitupu. Kioo cha tempa, yaani kilichopashwa moto mkali na kupozwa ghafla ili kiwe imara, hakiongezeki hata gramu. Kioo cha lamineti, ambacho ni vioo viwili vilivyogandishwa kwa utando wa plastiki, huhesabiwa kwa kujumlisha unene wa vioo vyote viwili. Utando huongeza chini ya nusu kilo kwa mita ya mraba kama ni ule wa kawaida wa milimita 0.38. Vya kuangaliwa zaidi ni vile vioo vya rangi vya makanisani vinavyoungwa kwa risasi, kwa kuwa risasi ni nzito kuliko kioo chenyewe. Hivyo ni afadhali vipimwe kwenye mizani kuliko kukadiriwa.

Chukua mfano wa oda ya vipande 120 vya kufunika kuta za ukumbi, kila kimoja kikiwa na urefu wa mita 2.4 na upana wa mita 1.2. Kwa unene wa milimita 6, kipande kimoja kina kilo 43 na oda nzima ni tani 5.2 hivi. Kwa milimita 10, kipande kinafika kilo 72 na oda tani 8.6. Kwa milimita 12, kipande ni kilo 86 na oda inavuka tani 10. Ukuta ni uleule na rangi ni ileile, lakini tani zimeongezeka maradufu, kabla hata ya kuhesabu mbao na fremu za chuma.

Hapo ndipo muuzaji anapaswa kumshauri mteja badala ya kuandika oda tu. Kioo cha rangi kinachogandishwa ukutani, kikiwa kimeegemea ukuta mzima, kwa kawaida hutosha kwa milimita 6. Milimita 10 na 12 zina kazi yake: milango isiyo na fremu, na vizuizi vinavyosimama vyenyewe. Wateja wengi huomba unene mkubwa kwa kuamini kuwa kizito ndicho bora, na wapo wauzaji wanaonyamaza kwa sababu kinene kina bei zaidi. Faida hiyo huliwa njiani. Tena kwa mzigo unaotoka nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ushuru wa forodha hutozwa juu ya thamani yenye bima na nauli ndani yake, hivyo nauli ikipanda na ushuru hupanda.

Msafirishaji ana tatizo lake. Kontena la futi 20 lina nafasi ya ujazo wa mita 33 hivi, lakini tani 26 za kioo zinachukua kama mita 10 na nusu za ujazo. Ukifungua mlango unaona kontena ambalo sehemu kubwa ni hewa, kumbe kwa kilo limejaa. Dereva au karani asiyejua bidhaa hii hushawishika kuongeza mzigo mwingine juu ya nafasi hiyo. Mwagizaji naye akumbuke kwamba tangu Julai 2016 kontena halipakiwi melini bila uzito wake kuthibitishwa, kwa hiyo tarakimu za kubahatisha hukwama mapema.

Barabarani, Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013, ambayo Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2019, inaruhusu uzito wa jumla usiozidi tani 56. Wengi huikumbuka namba hiyo wakasahau ekseli. Ekseli ya usukani yenye tairi mbili inaruhusiwa tani 8. Ekseli mbili zilizofuatana zenye tairi nne nne ni tani 18, na ekseli tatu za trela zenye tairi za aina hiyo ni tani 24. Gari la ekseli sita lililopangwa hivyo linaishia tani 50, si 56.

Na kioo ndicho mzigo unaoadhibu ekseli kuliko mingi. Kwa kuwa ni kizito na kinachukua nafasi ndogo, wapakiaji hukisogeza mlangoni ili kishuke kwa urahisi. Matokeo yake ekseli za nyuma ya trela zinazidi huku uzito wa jumla ukiwa salama kabisa. Saruji ikizidi, mifuko kadhaa hushushwa kwa mikono, mambo yakaisha. Kreti ya vioo 36 vya milimita 5, vya ukubwa wa milimita 2440 kwa 1830, ina kama tani 2 bila mbao zake. Hakuna atakayeisogeza kwa mikono pale Vigwaza au Mariakani. Hutafutwa kreni, na kila anayekodisha kreni kando ya mizani anajua kwamba dereva hana pa kwenda. Mpango wa kupanga kreti uchorwe kabla ya kupakia, zikiwa zimegawanywa pande mbili za fremu ya umbo la herufi A, vioo vikisimama kwa ubavu na kuegemea ndani kidogo. Kioo hakilazwi.

Kushusha ndiko kunakoua watu. Kreti ni ndefu na nyembamba, na mikanda ikikatwa kabla haijashikwa na mashine inaweza kumwangukia aliye pembeni. Hakuna kuli wa kuizuia tani 2. Fremu ya A nayo ishushwe kwa zamu, kulia kisha kushoto. Ukimaliza upande mmoja kwanza, fremu nzima inaweza kupinduka pamoja na vioo vilivyobaki. Kwa vipande vilivyofunguliwa, cha kilo 43 huhitaji watu wawili wazoefu wenye glovu nene, na cha kilo 86 hakipandishwi ngazi na chini ya wanne. Gharama hiyo iwekwe kwenye bei tangu mwanzo.

Kwa upande wa jengo, mlango wa milimita 10 wenye urefu wa mita 2.1 na upana wa sentimita 90 una kilo 47, na wa milimita 12 karibu kilo 57. Bawaba na magurudumu ya milango ya kusukuma huandikwa uwezo wake kwa kilo, na pale tarakimu hizo mbili zinaweza kuangukia pande mbili tofauti za kikomo. Kioo cha tempa hakikatwi wala kutobolewa baada ya kupashwa moto. Mlango uliofika Bujumbura ukiwa mzito kwa bawaba zake, au ukiwa na matundu mahali pasipo pake, hauna fundi wa kuurekebisha.

Ukuta wa jipsamu au dari vikishindwa, ipo akriliki, yenye uzito chini ya nusu ya kioo cha unene huohuo: kilo 7 hivi kwa mita ya mraba kwa milimita 6. Inachunika upesi na inawaka moto, hivyo si ya jikoni. Isiuzwe kwa jina la kioo.

Uzito humsaidia mnunuzi pia kugundua udanganyifu wa unene. Kioo kizima cha milimita 3660 kwa 2140 kinachouzwa kuwa cha milimita 6 kinapaswa kuwa na kilo 117. Viwango vya viwanda huruhusu unene kupungua kwa milimita 0.2, yaani kama kilo 113 na nusu. Kikija na kilo 108, umepewa milimita 5.5. Ni rahisi kupima kreti nzima, kutoa uzito wa mbao na kugawanya kwa idadi ya vioo, na kazi hiyo ifanyike ghalani kwa muuzaji, malipo ya mwisho yakiwa bado mkononi.