Rimiksi yaweza kumtoa mtayarishaji gizani, mradi awe na kibali

MNAMO 2019, kijana aliyekuwa akifanya kazi katika reli kwenye mji mdogo wa Aksu, nchini Kazakhstan, aliutwaa wimbo 'Roses' wa msanii Mmarekani SAINt JHN, uliokuwa umetolewa 2016. Aliuharakisha, akaipandisha sauti ya mwimbaji hadi ikawa nyembamba, kisha akaufumia besi na ngoma mpya. Hakuwa ameombwa na yeyote.

Kijana huyo, Imanbek Zeikenov, alikuwa hajatimiza umri wa miaka 20. Kufikia Machi 2020, toleo lake lilikuwa limeshika nambari moja katika chati ya Uingereza, na Machi 2021 likamtunukia tuzo ya Grammy ya rimiksi bora.

Tangu hapo, chipukizi wengi wa muziki wa kielektroniki wamekuwa wakiota kuifuata njia hiyo. Ni njia halisi, lakini ina miiba ambayo aghalabu haisimuliwi.

Rimiksi ni nini hasa? Ni toleo jipya la wimbo uliokwisha kurekodiwa, ambamo mtayarishaji huhifadhi baadhi ya vipande, hasa sauti ya mwimbaji, na kuvijengea midundo mingine. Mizizi yake imo Jamaica, ambako mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 mafundi kama King Tubby waliondoa sauti za waimbaji na kuachia besi na ngoma zitawale.

Faida yake kwa asiyejulikana ni wazi. Wimbo wake mwenyewe hautafutwi na mtu, kwa kuwa hakuna alijuaye jina lake. Wimbo unaojulikana hutafutwa kila siku, na anayeutafuta huenda akakutana na toleo la chipukizi huyo. Isitoshe, madijei huhitaji matoleo yanayoanza na kumalizika kwa ngoma pekee, ili waunganishe wimbo mmoja na mwingine bila kuukatiza uchezaji. Mtayarishaji anayewatimizia haja hiyo hupata wapiga debe ambao hakuwalipa.

Wimbo wa kufanyia kazi si lazima uwe ule unaotamba wiki hii, ambao tayari umevamiwa na mamia ya watayarishaji. 'Roses' ulikuwa na umri wa miaka mitatu. Kinachohitajika ni sauti yenye mvuto, na wazo ambalo toleo la awali halikulitumia.

Wala lugha si kizingiti. Wimbo 'Mwaki', neno la Gikuyu lenye maana ya moto, ulitolewa 2023 na mtayarishaji wa Brazil, Zerb, akishirikiana na mwimbaji Mkenya Sofiya Nzau. Ulipovuma, watayarishaji wengine waliupa sura mpya, akiwemo gwiji Tiësto wa Uholanzi. Ikiwa Mbrazili na Mholanzi waliiona thamani ya sauti ya Kigikuyu, hakuna sababu ya mtayarishaji wa Nairobi au Mombasa kudhani kwamba lazima aanze na nyota wa Marekani. Msanii wa mtaani kwake ni rahisi kumfikia, na yamkini atamkabidhi sauti yake kwa furaha.

Hapo ndipo suala la kibali linapoingia. Wimbo mmoja hubeba haki mbili: ya utunzi, yaani maneno na mahadhi, na ya rekodi yenyewe. Haki hizo zaweza kuwa mikononi mwa watu tofauti, na kila mmoja wao sharti aombwe. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 humpa mwenye kazi mamlaka juu ya kuinakili na kuigeuza. Aidha, mtunzi anaweza kupinga kazi yake kupotoshwa kwa namna inayomvunjia heshima.

Dhana kwamba sekunde chache za wimbo wa mtu ni za bure haina msingi. Programu za kisasa hutenganisha sauti ya mwimbaji na ala kwa dakika chache, ila uwezo wa kufanya jambo si idhini ya kulifanya. Mitandao mikubwa nayo ina mitambo ya kutambua rekodi. Katika YouTube, mathalani, mwenye haki anaweza kuizuia video au kuchukua mapato yake ya matangazo. Mtayarishaji aliyejenga jina lake lote juu ya kazi zisizo na kibali huweza kuamka asubuhi akute hana kitu.

Imanbek mwenyewe aliokolewa na makubaliano. Kampuni ya Effective Records ililichukua toleo lake na kulitoa rasmi. Pasipo hatua hiyo, lisingeingia katika chati wala kufikia Grammy.

Ziko njia tatu za kuanza kwa usalama. Ya kwanza ni mashindano ambamo kampuni za muziki hutoa sauti kwa washiriki. Hata hivyo, soma masharti, kwani mara nyingine kazi yote hubaki kuwa mali ya mwandalizi. Ya pili ni kubadilishana kazi na mtayarishaji mwenzako. Ya tatu ni kumwandikia msanii moja kwa moja. Kwa vyovyote vile, yaandikeni makubaliano: je, utalipwa mara moja tu au utagawiwa mapato, na jina lako litaonekana wapi?

La mwisho ndilo lenye uzito zaidi. Mjerumani Robin Schulz alivuma 2014 kwa rimiksi za 'Waves' wa Mr Probz na 'Prayer in C' wa Lilly Wood and the Prick. Hakungoja umaarufu huo upoe. Mwaka uo huo alitoa albamu yake, 'Prayer'. Wasikilizaji walioletwa na nyimbo za wengine walikuta nyumba yenye mwenyewe.

Kwa hivyo, kabla ya kuitoa rimiksi, hakikisha una angalau wimbo wako mmoja ulio tayari, chini ya jina lilo hilo. Wahenga walinena kwamba nguo ya kuazima haisitiri. Rimiksi itakuletea wageni mlangoni, lakini watakaa kwa ajili ya chakula ulichokipika mwenyewe.