Pikipiki ya Mama: Kuichagua na Kuishi Nayo

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Sina nia ya kuwapinga wazee, lakini nadhani hawakuwahi kununua pikipiki. Jembe likikukataa utapata malengelenge tu. Pikipiki ikikukataa, jamani, itakulaza mtaroni.

Mama yangu ni muuguzi katika zahanati iliyo umbali wa kilomita 12 kutoka kwetu Shinyalu, katika Kaunti ya Kakamega. Sehemu kubwa ya njia yake ni udongo mwekundu, na wenzangu wa Kakamega wanajua mvua yetu ya alasiri. Udongo ule ukilowa huteleza kama sabuni. Kwa miaka mingi Mama alipanda bodaboda, shilingi 100 kwenda na shilingi 100 kurudi, siku sita kwa juma. Taabu yake kubwa ilikuwa zamu ya jioni. Akitoka saa tatu usiku hapati mtu wa kumbeba, basi husimama langoni mwa zahanati akingoja taa yoyote itokee gizani. Mwaka 2024 alichukua mkopo wa chama cha akiba akatangaza, "Nitanunua yangu."

Loh! Majirani walicheka. Ati mwanamke na pikipiki! Mama hakuwajibu. Alimwita mjomba wangu, fundi wa pikipiki pale sokoni, awe mshauri wake.

Pikipiki ndogo zilijaa vijijini mwetu baada ya mwaka 2008, serikali ilipoondoa kodi kwa zile zisizozidi cc 250. Hizo cc ni kipimo cha ujazo wa injini. Katika maduka tuliyoyazuru tuliona Boxer na TVS kutoka India, na pia Honda. Kaka yangu alitaka ya cc 150, kwa kuwa ndiyo aliyoiona kwa vijana wa stendi. Mjomba akamkata kauli. "Hao hubeba abiria na magunia mlimani. Dada yangu anabeba mkoba na chakula cha mchana. Nguvu ya nini?"

Kisha akamwambia Mama, "Dada, hebu panda nione." Alipopanda ile kubwa, vidole vya miguu tu ndivyo vilivyogusa sakafu. Alipopanda ya cc 100, nyayo zote mbili zilikaa chini. Mjomba alitueleza kwamba hilo ndilo jambo la kwanza la kuangalia. Pikipiki yenyewe yazidi kilo 100, na ukisimama matopeni huku unagusa kwa ncha za vidole, ikianza kuinama huwezi kuizuia.

Jambo la pili ni vipuri. Cheni, plagi, tairi na nyaya za breki na klachi ni lazima vipatikane soko la karibu, tena kwa fundi anayeijua pikipiki hiyo. Ya kigeni sana hupendeza macho, lakini ikiharibika utaifunika gunia miezi miwili ukingoja kipuri kutoka Nairobi. Jambo la tatu ni karatasi. Kaka alikuwa amepata moja kuukuu kwa bei nafuu, lakini muuzaji hakuwa na kitabu cha usajili, akasema tu "kitakuja." Mjomba akasema nasi tutakuja siku hiyo. Rahisi hugharimu! Bila kitabu hujui kama unanunua pikipiki au unanunua kesi ya wizi.

Basi Mama akanunua ya cc 100, mpya. Kabla ya kuitia barabarani alijifunza udereva, akapata leseni ya daraja A2, ambayo ni ya pikipiki ya mtu binafsi. Anayebeba abiria kwa malipo huhitaji A3. Akakata bima. Akanunua pia kofia ngumu mbili na majaketi mawili yanayong'aa yakimulikwa, maana Sheria ya Trafiki yadai mwendeshaji na abiria wake wavae vyote viwili, na abiria asizidi mmoja. Wale wenzetu wanaobebana watatu siku ya kufungua shule, habari ndiyo hiyo!

Sasa tufanye hesabu, kwani wengi huniuliza kama inalipa. Safari za Mama ni kilomita 24 kwa siku, yaani 144 kwa juma. Tulijaza tangi mpaka pomoni, akaenda juma zima, kisha tukajaza tena na kuangalia zimeingia lita ngapi. Ziliingia lita tatu. Ni kilomita 48 kwa lita moja. Mwaka huo lita ilikuwa karibu shilingi 180, kwa hiyo petroli ilimgharimu shilingi 540 mahali pa shilingi 1,200 za nauli. Lakini msikimbilie kushangilia! Ile tofauti ya shilingi 660 haiendi mfukoni. Yatoka humo bima, oili, tairi, na sehemu ya mkopo. Faida kubwa ya Mama haikuwa pesa. Ilikuwa kutosimama tena langoni usiku.

Kuishi na pikipiki nako ni kazi. Injini hizi ni za mipigo minne. Oili yake haichanganywi na petroli kama ilivyokuwa katika zile za zamani za mipigo miwili zilizotoa moshi wa buluu. Hukaa ndani ya injini, huchafuka, na mwishowe hupoteza utelezi wake. Baada ya kilomita 500 za kwanza Mama alibadilisha oili, na tangu hapo huibadilisha kila kilomita 2,000, yaani baada ya miezi mitatu na zaidi kidogo. Asubuhi kuna ukaguzi wa dakika tano. Tairi zina upepo? Cheni ina mafuta, na ukiisukuma kwa kidole inacheza upana wa vidole viwili hivi? Ikilegea sana huchomoka, ikikazwa sana huisha upesi. Breki zinashika? Taa zinawaka? Petroli ipo? Nikiwa likizoni, ukaguzi huu ni zamu yangu.

Na hapa, msomaji wangu, ndipo penye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Likizo ya Aprili mwaka 2025, asubuhi moja ya manyunyu, nililala kupita kiasi. Mama aliniita, nami nikajibu kutoka kitandani, "Iko sawa, Mama!" Sikuwa nimeiangalia. Tairi ya mbele ilikuwa imepungua upepo tangu usiku. Kwenye mteremko wa kuelekea mtoni usukani ulianza kuyumba, Mama akashtuka na kubana breki ya mbele kwa nguvu. Gurudumu likateleza, akaanguka ubavu. Vijana wa bodaboda, wale wale waliokuwa wakimcheka, ndio waliomwinua.

Mkono uliteguka, akakaa nyumbani majuma matatu. Kofia ilichubuka upande mzima wa kushoto. Nilipoishika nilifikiria kama mchubuko ule ungalikuwa kwenye kichwa chake, nikashindwa kumeza mate. Aliniuliza swali moja tu: "Uliangalia tairi?" Nikamwambia ukweli. Hakunipiga wala hakunikemea. Alisema, "Siku nyingine sema hujaangalia. Nitaangalia mwenyewe."

Mjomba aliitupa ile kofia ingawa bado ilionekana nzima. Povu la ndani likishabonyea kwa kishindo halikingi tena mara ya pili. Kisha akatufundisha kuteremka penye utelezi: punguza mwendo kabla ya mteremko, shuka kwa gia ndogo ili injini yenyewe izuie, gusa breki polepole huku ukiitegemea zaidi ya nyuma, wala usikate kona ghafla.

Wenzangu, najua wengi wetu tunaota kununua pikipiki mara tu tutakapomaliza Kidato cha Nne. Si ndoto mbaya. Ila chagua inayolingana na miguu yako, barabara yako na mzigo wako, usichague ya kuwaonyesha wengine. Ukiisha kuipata, kumbuka kwamba haijali wewe ni hodari kiasi gani ikiwa hukuitazama asubuhi.

Mama amerudi barabarani, na wanawake wawili wa kijiji chetu wamekuja kumwuliza alianzaje. Nami nikiwa nyumbani huamka kabla yake. Hushika tairi kwa mkono wangu mwenyewe, kisha ndipo husema, "Iko sawa, Mama."