Damu Isiyoganda

Mama msomaji, ukijikata kidole shambani, damu hutoka kidogo, kisha huganda na kuziba kidonda. Huo ni ulinzi wa mwili. Lakini yako magonjwa ya uzazi yanayouharibu ulinzi huo, ndipo damu hutoka kama maji wala haikomi.

Jambo hili huweza kutokea kondo la nyuma likibanduka kabla mtoto hajazaliwa. Au mtoto akifa tumboni na kukaa humo majuma mengi. Au mama akipatwa na kifafa cha mimba. Au vijidudu vikiingia katika tumbo la uzazi. Hata mama aliyetokwa na damu nyingi baada ya kuzaa huweza kuishiwa na vitu vinavyogandisha damu.

Je, mganga atajuaje? Njia moja haihitaji mashine. Huchukua damu ya mshipa, mililita 2, huitia katika kichupa cha kioo kisafi na kikavu, hukifumbata mkononi kipate joto. Baada ya dakika 4 hukiinamisha polepole, kisha tena kila dakika. Damu njema huganda, hata kichupa kikipinduliwa haimwagiki. Dakika 7 zikipita bila kuganda, au ikiganda teketeke na kuvunjika, mama yu hatarini.

Ndipo mganga huondoa chanzo cha ugonjwa na kumwongezea mama damu. Iko pia dawa ya asidi ya traneksamiki, gramu 1 mshipani. Uchunguzi wa wanawake 20,060 katika nchi 21, uliotangazwa mwaka 2017, ulionyesha kwamba hupunguza vifo vya kutokwa na damu, ikitolewa ndani ya saa 3 tangu kuzaa.

Basi fikiri: kutoka vilima vya Lubero hata Butembo, au kutoka Mangina hata Beni, mvua ikinyesha, saa 3 huishia njiani. Kwa hiyo usingoje. Ukiona damu wakati wa mimba, au mtoto akiacha kucheza, nenda siku ile ile. Tena zaa mahali penye mzalishaji.

Wakati wa Ebola, tangu Agosti 2018 hata Juni 2020, watu wengi huku kwetu waliogopa hospitali. Hofu hiyo isituulie mama zetu.

Nawe baba, damu ya kuongezwa haitengenezwi kiwandani; hutoka kwa watu. Uwe tayari kutoa yako.