Mwenzetu Kazini Anaposahau: Tumpime Kabla ya Kumhukumu

Kamati nyingi za miradi vijijini zinaendeshwa na watu wa umri wa miaka 40 hadi 60. Hao ndio wahazini, makatibu na watunza ghala wetu. Mmoja wao anapoanza kusahau, kazi nzima huyumba. Na mahali kama Mugeta, wilayani Bunda, ambako mhazini na katibu ni majirani na pengine ndugu, jambo hili haliishii kwenye kikao. Linafika kisimani na sokoni.

Tuchukue mfano. Mhazini wa kikundi cha kuweka na kukopa amepokea marejesho, hakuandika stakabadhi, na baada ya wiki mbili hakumbuki. Mmoja ananong'ona kuwa amekula fedha, mwingine kuwa amerogwa. Naye kwa aibu anaanza kukwepa vikao. Fedha zinaweza kuonekana, lakini kuaminiana hakurudi upesi.

Kusahau kunatokana na nini?

Kusahau ulipoweka funguo, kisha ukakumbuka, ni kawaida. Dalili za kuangalia ni kurudia swali lile lile, kushindwa hesabu ulizozimudu, kupotea njia uliyoizoea, au kubadilika tabia.

Katika umri huu sababu nyingi zinatibika au kudhibitiwa: sonona, kukosa usingizi, pombe, upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo kufanya kazi chini ya kiwango, na baadhi ya dawa. Presha na kisukari visipodhibitiwa huharibu mishipa ya damu ya ubongo. VVU navyo visipotibiwa huweza kuathiri kumbukumbu. Wanawake wengi husahau zaidi wanapokaribia kukoma hedhi.

Dimensia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, huwapata zaidi wazee. Utafiti wa wilayani Hai, Kilimanjaro, mwaka 2009 na 2010 uliikuta kwa watu wapatao 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi. Kabla ya miaka 65 ni nadra, lakini ipo.

Kamati ifanye nini?

1. Mtu mmoja anayeheshimiwa naye amwone faraghani. Aeleze yaliyoonekana, bila kutuhumu.

2. Ashauriwe kwenda zahanati au kituo cha afya akiwa na mtu wa nyumbani kwake, apimwe presha na sukari. Ikibidi apewe rufaa hadi Hospitali ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, Musoma, au Bugando, Mwanza. Majibu ni siri yake, yasisomwe kikaoni. Aliyechanganyikiwa ghafla, au mdomo umepinda, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

3. Utaratibu uboreshwe kwa wote: stakabadhi iandikwe papo hapo, fedha zihesabiwe na watu wawili, maazimio yasomwe kabla ya kikao kufungwa. Utaratibu huu humlinda anayesahau na asiyesahau.

4. Kazi ikimzidi, apewe nyingine anayoiweza. Kwa mwajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika kila miezi 36: siku 63 kwa mshahara kamili na 63 kwa nusu mshahara. Kanuni za mwaka 2007 zinamtaka mwajiri atafute njia nyingine kabla ya kumwachisha kazi mgonjwa.

Hatusemi hesabu zisikaguliwe. Fedha ikipungua, ukaguzi ufanyike, aliyeiba awajibike. Tunachosema ni kwamba daftari na daktari vitangulie, uvumi usiwe ndio hukumu.

Kwa wafadhili wetu, fedha za vitabu vya stakabadhi na mafunzo ya utunzaji wa hesabu huonekana ndogo kwenye bajeti. Lakini ndizo zinazolinda michango yenu, na pia heshima ya mtu aliyejitolea miaka mingi.

Tunaziomba kamati zote ziweke jambo hili kwenye ajenda ya kikao kijacho.