Mwizi Aliyesema La

Wapo walimu wa fasihi ambao, wakimsikia mwanafunzi akitaja hadithi ya ujambazi au filamu ya makachero, hukunja uso. Kwao, kazi za aina hiyo ni makapi yanayompotezea mtahiniwa wakati wake. Dai hilo lina walakini, na mfano mmoja tu kutoka Afrika Kusini watosha kulitia ufa.

Mwaka wa 1988 ilitolewa filamu iitwayo Mapantsula. Wengi hawaijui. Filamu zilizovuma kuhusu ubaguzi wa rangi miaka ile zilikuwa Cry Freedom ya mwaka wa 1987 na A Dry White Season ya mwaka wa 1989. Hizo zilipigwa Zimbabwe, na zote mbili zinamtanguliza mzungu mwenye dhamiri ili mtazamaji aone dhuluma kwa macho yake. Mapantsula ilipigwa papo hapo Soweto na Johannesburg, chini ya hali ya hatari iliyotangazwa nchini kote mwaka wa 1986, polisi wakipiga doria mitaani. Macho tunayoyaazima humo ni ya mwizi Mwafrika.

Iliwezekanaje? Kwa hila. Mwelekezi Oliver Schmitz, mzungu mzaliwa wa Cape Town, na Thomas Mogotlane, Mwafrika aliyeandika naye mswada na kuigiza mhusika mkuu, waliwaeleza wakuu wa serikali kwamba hii ni filamu ya majambazi tu, isiyogusa siasa. Wakuu hawakushtuka. Utawala uliokwisha kuwaona Waafrika wote kuwa wahalifu ungetishwaje na hadithi ya kibaka mmoja? Wahenga walisema kuwa mdharau mwiba mguu huota tende. Mwaka huohuo filamu ilionyeshwa katika tamasha la Cannes, Ufaransa. Nyumbani, serikali iliizuia isionyeshwe katika kumbi za sinema.

Mhusika mkuu huitwa Panic. Ni mwizi wa mifukoni, mtanashati wa mavazi, mwepesi wa kisu na mzito wa kufikiria wengine. Mpenziwe, Pat, ni mtumishi katika nyumba ya wazungu. Panic huenda huko kumsumbua hata akamponza. Mama mwenye nyumba anamopanga, Ma Modise, aliyeigizwa na msanii mkongwe Dolly Rathebe, ana dhiki zake: kodi imepanda na wakazi wameanza kuipinga. Panic hana habari. Almuradi apate pesa, kinywaji na viatu vizuri, dunia na iende itakavyo.

Kisha twamkuta rumande, amechanganywa na wanaharakati wanaomtenga kwa kuwa wanamwona mhuni. Afisa wa polisi, Stander, anataka atie saini taarifa ya uongo itakayomtia hatiani kiongozi wa upinzani mtaani. Filamu yatumia kisengerenyuma toka mwanzo hadi mwisho: mara tumo seli, mara tumo katika siku zilizotangulia. Taharuki basi haitokani na swali la nani aliyeiba, maana mwizi tunamjua. Yatokana na swali zito zaidi: je, mtu ambaye maisha yake yote amejijali yeye tu atamuuza mwenzake?

Panic anateswa, anatishwa, anawekewa kalamu mbele yake. Anakataa. Jibu lake ni neno moja tu, "La", na filamu yaishia hapo. Hatuambiwi atafanywa nini baadaye.

Labda mwalimu atauliza: je, huku si kumtukuza mwizi? La hasha. Filamu haimtakasi Panic hata chembe. Wizi wake unaonyeshwa, ukatili wake kwa Pat unaonyeshwa, na hakuna hotuba inayomgeuza malaika. Ndiposa kukataa kwake kuna uzito. Shujaa aliyezaliwa shujaa hutustaajabisha, lakini hatuachii la kufanya. Mtu duni aliyefikishwa ukingoni akagundua kwamba bado lipo jambo moja asiloweza kuliuza, huyo hutuuliza sisi tungefanyaje.

Humo mna somo kamili la fasihi. Mwanafunzi anayetaka kutofautisha mhusika bapa na mhusika duara amtazame Panic akibadilika hatua kwa hatua. Anayetaka kujua jinsi utanzu unavyoweza kuwa ngao ya msanii chini ya udikteta asome historia ya mswada wenyewe: vazi la ujambazi ndilo lililoupitisha ukweli mbele ya macho ya walinzi.

Ubaguzi wa rangi kama mfumo wa utawala ulikoma mwaka wa 1994, lakini kosa la wale wakuu lingali likitendeka madarasani. Walitazama jina la utanzu na sura ya mhusika, wakadhani wamekwisha kuijua hadithi. Mwalimu anayetupa kitabu kwa sababu jaladani pana bastola hufanya vivyo hivyo. Na anayemkatia tamaa mtoto mtundu kabla ya kumsikiliza hufanya kosa lilo hilo, tena kwa hasara kubwa zaidi, kwani kitabu kilichotupwa chaweza kuokotwa na msomaji mwingine.